Jipu Linalopona Gerejini na Kuugua Mlimani

Kila neno lililomo humu ni kweli tupu. Aliyeandika ni mstaafu wa posta wa hapa Bayan-Tal, mtu aliyebeba barua za watu miaka na miaka bila kufungua hata moja, ukiacha zile zilizofunguka zenyewe kwa baridi. Asiyeamini na aje aulize. Barabara ipo, magari ndiyo yenye mashaka.

Saa kumi na moja alfajiri. Fundi Gombosuren amelala chali juu ya ngozi ya kondoo, kichwa na mabega yake yako uvunguni mwa jipu la Kirusi, na anasukuma karai la makaa ya samadi chini ya injini. Jipu limelala nje, na oili imeganda kama shahamu. Bila moto huo, injini hata kukohoa haitakohoa.

"Amka taratibu," analibembeleza. "Leo hakuna kufanyiana mzaha."

Mwezi wa kumi haujaisha, lakini Mongolia majira hayasubiri kalenda. Mwaka juzi, asubuhi kama hii, kivuli cha nguzo ya umeme kiligandana na ardhi, kikabaki palepale hadi alasiri, jua likiwa limekwisha kuhamia upande wa pili.

Anayesubiri kando ya jipu, akiwa amekunja mikono ndani ya joho lake, ni Tsevelmaa, mkunga wa wilaya. Simu ilimkuta kitandani. Aliyepiga ni mume wa Enerel, mfugaji wa ng'ambo ya kipito cha mlima Shavagtai. Alipanda kilima, akasimama wima juu ya tandiko la farasi ili apate mtandao, akapiga kelele maneno mawili: "Umeanza! Njoo!"

Enerel alikuwa ahamie nyumba ya wajawazito mjini wiki ijayo. Mtoto hakuafiki. Na uzazi wa Enerel si wa kuuchezea: alipojifungua wa pili alitoka damu hadi midomo ikawa nyeupe. Tsevelmaa alimwapia siku ile kwamba wa tatu hatazaliwa yeye akiwa mbali.

Gari la kituo cha afya limepeleka mgonjwa mkoani. Vile vigari vya Kijapani vilivyojaa mjini viko chini mno kwa mawe ya Shavagtai. Limebaki jipu hili, ambalo Tsevelmaa alirithi kwa baba yake. Na jipu hili ni gonjwa.

"Kaka Gombo, niambie ukweli," mkunga anasema. "Litafika?"

Gombosuren anajivuta kutoka uvunguni, anafuta mikono kwenye suruali iliyo chafu kuliko mikono yenyewe.

"Kufika litafika," anajibu. "Sijui tu kama litafika leo."

Gombosuren ana miaka hamsini na mitatu. Ufundi aliupata ujanani, kwenye gereji ya matrekta ya ushirika. Ushirika ulipovunjwa, kila mtu aligawiwa chake. Wenzake walipata kondoo na mbuzi. Yeye alipata jeki, jiliwa, na mlango mmoja wa trekta ambao hadi leo ndio mlango wa choo chake.

Gereji yake ni makontena mawili yaliyounganishwa kwa kuchomelewa. Ndani kuna jiko la chuma linalowaka mchana kutwa, hata fundi hufanya kazi na fulana wakati nje mtu hawezi kuacha pua yake wazi. Mwezi mzuri hupata kama tugriki laki tisa. Mwezi mbaya hulipwa kondoo.

"Kondoo hana ubaya," anasema. "Ubaya ni kwamba duka la vipuri halirudishi chenji ya kondoo."

Nyuma ya gereji lipo hema la duara la mama yake, Bibi Dulmaa, mwenye miaka themanini na moja. Bibi huyu hajashika usukani maishani mwake, lakini hakuna gari linalotoka kwa mwanawe bila kupita mikononi mwake. Hutokeza na kijungu cha maziwa na bakuli la siagi. Maziwa huyarusha hewani nyuma ya magurudumu, kama afanyiwavyo kila msafiri. Siagi hulipaka gari mdomoni, kama anavyopakwa mwanakondoo aliyezaliwa sasa hivi, ili lisipungukiwe huko liendako.

"Mwanangu anatengeneza vyuma," hupenda kusema. "Mimi natengeneza safari."

Gombosuren mwenyewe huwa haoni baraka hizo. Mafundi wa huku wana mwiko wao: ukilitazama gari ulilolitengeneza likiondoka, umeliita lirudi. Kwa hiyo akishafunga boneti hugeuka, huingia ndani na kuchochea jiko mpaka mlio upotee.

Kwa jipu la Tsevelmaa, mwiko huo haukusaidia kitu. Lilirudi, na likarudi tena.

Ugonjwa ulianza na baridi ya kwanza. Kiangazi chote lilikimbia kama farasi wa sikukuu. Kisha siku moja, mkunga akiwa peke yake anapanda Shavagtai, likaanza kuishiwa nguvu. Ukikanyaga mafuta, linajikongoja. Ukikanyaga zaidi, linaguna. Lilipofika kwenye rundo la mawe la kileleni, ambako wasafiri huuheshimu mlima, kimya. Stata inazunguka, injini haishiki.

Tsevelmaa alishuka. Alilizunguka rundo mara tatu kama ipasavyo, akaongeza jiwe lake na kipande cha maziwa makavu, akafunga utepe wa buluu. Akarudi kwenye usukani. Injini ilisumbua, ikasumbua, mwishowe ikashika.

"Niliushukuru mlima," anakumbuka. "Sikujua mwingine wa kumshukuru."

Gombosuren akalipokea. Alitoa plagi, akakuta zimeungua, akabadilisha zote. Alifungua tangi, akachungulia: petroli ipo. Akapiga stata na jipu likaimba. Bibi Dulmaa akalibariki, likaondoka.

Likazima Shavagtai.

Hapo ndipo fundi alipoanza kupata ushauri. Kila gereji ina mshauri wake, na wa hapa ni Sodnom, dereva wa zamani wa lori la maji. Lori lake liko juu ya mawe tangu gurudumu lipasuke, na mwenyewe yuko juu ya kigoda cha Gombosuren, karibu na jiko.

"Mlima umekasirika, fundi," Sodnom alisema.

"Mlima hauna kabureta."

"Ndiyo maana umekasirika. Wewe unayo."

Fundi aliishusha hiyo kabureta. Aliiosha, akapuliza kila kitundu hadi macho yakamtoka machozi. Akashuku maji ndani ya petroli, akafungua tangi, akatumbukiza kijiti, akaonja: petroli safi. Akafunga. Jipu likazunguka mji mzima bila kukohoa, watoto wakilikimbilia nyuma.

Bibi Dulmaa naye, kwa kuona mgonjwa amerudi mara ya pili, akazidisha dawa.

Safari hiyo lilizima hata kilele hakijaonekana. Tsevelmaa aliburutwa hadi mjini na pikipiki ya mfugaji, kamba ikikatika kila kona, akaingia gerejini bila kubisha.

"Kaka Gombo, nina swali," alisema. "Kila ukilitengeneza linafia karibu zaidi na nyumbani. Ukiendelea hivi, si litakuja kuzima humu humu?"

"Dada, usiseme hivyo."

"Hapana, nafurahi. Angalau sitatembea."

Sodnom alicheka mpaka akaanguka na kigoda. Gombosuren hakucheka. Aliagiza pampu mpya ya petroli kutoka mkoani, akasafisha mabomba yote, akachaji betri, akabadilisha hata nyaya ambazo hazikuwa na kosa. Halafu akaamua kulijaribu mwenyewe. Alikwenda hadi rundo la mawe na kurudi, siku ambayo mama yake alikuwa kwa dada yake akisokota manyoya ya ngamia. Jipu halikuguna hata mara moja.

Alirudi na jibu, na jibu hilo nusura limponze.

"Dada mkunga," alisema kwa upole, "pengine ni namna unavyokanyaga."

"Namna ninavyo nini?"

"Mguu. Pengine mguu wako ni mzito."

"Kaka yangu, mguu huu umenipeleka kuzalisha nusu ya wilaya hii. Wewe mwenyewe ungechelewa kuzaliwa kidogo ungepita hapa." Akanyoosha mikono yake miwili mbele ya uso wa fundi. "Sasa unasema ugonjwa wa gari ni mimi?"

Alilichukua jipu. Bibi Dulmaa alikuwa amerudi, akalipa baraka mbili kwa pamoja kufidia ile aliyoikosa. Lilizima kwenye mwinuko wa kwanza.

"Nilikuwa sielewi kitu," Gombosuren anasema. "Usiku nalala, naliona jipu. Likiwa kwangu ni zima, likiwa kwake ni gonjwa. Linalala kwangu kwenye joto, linaamka linacheka. Likitoka, linakufa. Nilianza kuwaza kwamba kuna majipu mawili na kuna mtu anayabadilisha."

Sodnom alikuwa na wazo jingine. Alisema jipu limezoea kudekezwa, na dawa yake ni kuliacha nje siku tatu bila kuliangalia. Fundi akakiri kwamba alilijaribu hilo pia. Mtu aliyechanganyikiwa hachagui daktari.

Hiyo ndiyo hali ilivyokuwa simu ya mume wa Enerel ilipoingia.

Kumekucha. Makaa yameifanya kazi yake, na injini inanguruma vizuri. Gombosuren ameamua kuendesha mwenyewe. Akizimikiwa, azimikiwe na mikono yake ikiwepo. Tsevelmaa ameketi pembeni, kasha la dawa mapajani.

Bibi Dulmaa ametoka na bakuli lililojaa. Safari hii amesikia habari za Enerel na ile damu, kwa hiyo hapimi. Anatumia bakuli zima. Mwanawe ametazama mbele tu, macho kwenye mishale ya mita. Hata akiwa ndani ya gari, mwiko ni mwiko.

"Nenda salama, mwanangu," anasikia sauti nyuma. "Leo nimelishibisha."

Wanauacha mji. Nyika ni nyeupe kwa umande ulioganda, farasi wamesimama wameupa upepo mgongo. Upande wa kaskazini wingu la theluji limekaa chini kabisa. Likiwahi Shavagtai kabla yao, kipito kimefungwa.

Kwenye mto mkavu, kabla hata ya mguu wa mlima, jipu linavuta pumzi moja fupi. Gombosuren anakanyaga mafuta. Linajikongoja. Anabadili gia. Linaguna, linatetemeka, linazima.

Gombosuren anageuza ufunguo. Stata inazunguka, inazunguka, mlio wake unashuka.

"Acha," Tsevelmaa anasema. "Utamaliza betri." Kisha, kwa sauti ndogo: "Nilimwapia, kaka. Nilimshika mkono nikamwapia."

Gombosuren alifungua boneti. Plagi zilitoa cheche. Alichomoa bomba la petroli pale linapoingia kwenye kabureta, akazungusha injini: tone halikutoka. Akagonga tangi kwa kifundo cha kidole, likajibu kwa sauti ya kitu kilichojaa.

"Petroli ipo nyumbani," alisema. "Haitaki kwenda kazini."

Na hapo ndipo mbwa mwitu alipotokea.

Alikuwa mzee, wa kijivu, mkubwa kama ndama, na jicho lake moja lilikuwa limeziba. Alikuja bila haraka juu ya mchanga wa mto. Tsevelmaa alikumbatia kasha la dawa. Gombosuren aliinua spana. Mbwa mwitu hakuwajali. Alikwenda moja kwa moja ubavuni mwa jipu, akanyoosha shingo, akaanza kulamba kifuniko cha tangi. Alilamba kwa adabu, kama mgeni aliyekaribishwa na wenyeji. Aliporidhika aliwatazama wote wawili, akajifuta mdomo kwenye gurudumu, akaenda zake.

"Mbwa mwitu gani anakunywa petroli?" Tsevelmaa alinong'ona.

Gombosuren alisogea. Aligusa kifuniko, kidole kikateleza. Haikuwa grisi. Ilikuwa siagi, safu juu ya safu, ngumu kama mshumaa, imejaa pembeni na kushindiliwa ndani ya kile kitundu kidogo kilichoko katikati ya kifuniko.

Alizungusha kifuniko. Tangi likavuta hewa, fyuuuu, pumzi ndefu, kama mtoto aliyelia hadi akasahau kupumua.

Toboa kopo la maziwa tundu moja, uligeuze, uone kama maziwa yatatoka. Utalitikisa hadi mkono uume. Toboa la pili, maziwa yanamiminika, kwa kuwa hewa imepata mahali pa kuingilia. Tangi la jipu ni kopo lilelile, na kitundu cha kifuniko ndicho tundu la pili. Kikizibwa, pampu inavuta petroli na nyuma yake hakuna kinachojaza. Inavuta kwa shida, kisha haivuti kabisa. Gari linaishiwa nguvu, linazima, linakataa kuwaka. Ukilipa muda, hewa hupenya kidogokidogo pembeni mwa kifuniko, nalo huwaka kwa kusuasua.

Kiangazi siagi ilikuwa laini na haikumzuia mtu. Gerejini jiko liliiyeyusha. Huko nje baridi iliigeuza kizibo.

"Na kila nilipofungua tangi nichungulie kama lina petroli," fundi anasema, akijipiga paji la uso, "ndipo nilipokuwa nalitibu. Pale pale! Halafu nikaenda kulaumu plagi, kabureta, pampu, na mguu wa mkunga."

Tsevelmaa hakungoja maelezo. Alifungua kasha, akamkabidhi sindano mpya. Gombosuren alichokonoa kitundu hadi mwanga ukaonekana, akafunga kifuniko, akapiga stata. Jipu likashika.

Walilipita rundo la mawe theluji ikianza kudondoka. Hawakusimama, lakini walipiga honi mara tatu, maana mlima nao una haki zake.

Walimkuta Enerel amepiga magoti ndani ya hema, ameshika kamba ya dari kwa mikono miwili. Gombosuren alibaki nje. Hakuthubutu kulizima jipu. Aliketi ndani, mguu juu ya mafuta, akisikiliza injini kwa sikio moja na hema kwa sikio la pili, wakati mume wa Enerel akilizunguka gari bila kujua anatafuta nini.

Mtoto alilia. Wa kike. Lakini Tsevelmaa hakutoka.

"Damu ilianza, kama nilivyoogopa," Tsevelmaa anasema. "Mkono wangu ulikuwa pale, na dawa ilikuwa mkononi. Basi. Sina la kuongeza."

Alipotoka akiwa anafuta mikono, Gombosuren alizima injini. Akaiwasha tena kuhakikisha. Ikashika. Ndipo alipokubali kuingia kunywa chai.

Kazi ngumu kuliko zote ilimsubiri nyumbani. Mwana anamwambiaje mama yake kwamba baraka zake zimekaribia kuua? Gombosuren alikunywa chai vikombe viwili kabla hajapata pa kuanzia.

"Mama, ile siagi unapaka wapi?"

"Mdomoni."

"Mdomo upi? Pale mbele, kwenye taa?"

"Pale si mdomo, pale ni meno." Bibi alimshangaa. "Mdomo ni pale linapokunywa. Nimewaona mkilinywesha."

"Mama, pale linapokunywa ndipo linapopumulia."

Bibi Dulmaa alimtazama kwa huruma, kama mtu anayetazama mtoto aliyevaa viatu kinyume.

"Basi nenda kagombane na huyo aliyeweka pua ndani ya mdomo. Mimi kosa langu liko wapi?"

Gombosuren alijimiminia kikombe cha tatu.

"Farasi aliyeshinda mbio hupakwa wapi, Mama?" alijaribu tena.

"Kichwani na kiunoni. Kila mtu anajua."

"Basi na gari nalo iwe hivyo."

"Jipu bovu kama lile? Limeshinda nini?"

"Leo limeshinda Shavagtai."

Bibi alifikiri. Alinyanyuka, akachukua bakuli, akatoka. Tangu siku hiyo magari ya Bayan-Tal yanaondoka na siagi kwenye boneti na kwenye mlango wa nyuma, na mbwa wa mji mzima wanayasindikiza.

Sodnom hajakubali kushindwa. "Kikulacho ki nguoni mwako, fundi, hilo nakupa," anasema kutoka kwenye kigoda. "Lakini likizima kileleni, tukizunguka mawe, hewa inaingia, linawaka. Sasa nani aliyekuwa akiingiza hiyo hewa?"

"Ilikuwa ikipenya yenyewe."

"Yenyewe. Tena palepale kwenye mawe. Haya."

Gombosuren huchochea jiko, maana na yeye huwa anajiuliza.

Mipango yake si mikubwa. Anataka kuchimba shimo la kusimamia, ili asilale tena chini ya magari wakati wa baridi. Anataka kumalizia lori la Sodnom, apate kurudishiwa kigoda chake. Na lipo jambo moja analoliongea polepole. Familia ya Enerel imemwomba awe miongoni mwa watakaomkata binti nywele za kwanza, akifikisha umri. Ni heshima wanayopewa wajomba, na yeye si mjomba.

"Jipu liwe hai mpaka siku hiyo," anasema. "Niende na mama akiwa kiti cha mbele. Sitaki kingine."

Habari hii ingeishia hapo, kama isingesomwa kwa sauti gerejini kabla ya kutumwa gazetini. Mwandishi wake, yule mstaafu wa posta, aliisoma amesimama, mkono mmoja kifuani. Walisikiliza vizuri. Bibi Dulmaa alitikisa kichwa kukubali palipotajwa mambo yake. Ilipofika kwenye mto mkavu, akaweka kikombe chini.

"Simama hapo. Mbwa mwitu gani?"

"Wa kijivu, Mama Dulmaa. Mwenye jicho moja."

"Gombo, ulimwona mbwa mwitu?"

Fundi alikuwa anatazama jiko kana kwamba hajapata kuliona. Tsevelmaa alikuwa ameziba mdomo kwa shali, mabega yakitikisika kwa kicheko.

"Hakukuwa na mbwa mwitu, Mama," mkunga alisema mwishowe. "Hata mbwa wa kawaida hakuwepo. Kaka Gombo aliona kitu kwenye kifuniko, akadhani grisi. Akakikwangua kwa kidole, akaonja, si unajua mafundi wanavyoonja kila kitu. Akasimama hivyohivyo, kidole mdomoni, kama mtoto wa miaka mitatu. Nikamwuliza, kaka, ni nini hicho? Akasema, 'Ni ya mama.'"

Siagi ya Bibi Dulmaa ina moshi kidogo na chumvi iliyozidi kidogo. Hakuna nyingine kama hiyo wilayani, na hapakuwa na mtu mle ndani asiyelijua hilo.

Bibi alimtazama mwanawe, naye akiwa bado analitazama jiko. Kisha akamgeukia mstaafu wa posta.

"Mwanangu amenijua kwa ulimi wake, katikati ya baridi, na wewe sifa unampa mbwa mwitu?"

"Nilitaka iwe nzuri zaidi, Mama."

"Utalipa."

Alijitetea kwamba pensheni imechelewa. Bibi akasema mwongo wa kwenye jiko lake halipi kwa fedha. Akaitaja adhabu: kesho Tsevelmaa anakwenda kumwangalia Enerel na mtoto. Mwandishi atapanda nyuma ya jipu, pasipo na kiti, pamoja na gunia la unga na kondoo wa zawadi aliye hai. Akifika, atasimulia jambo lile mbele ya wenyewe, lote, bila kuongeza hata unywele.

Ikawa hivyo. Gombosuren akiwa kwenye usukani, jipu lilishika kwa stata ya kwanza na kuipanda Shavagtai bila kuguna. Aliyeguna alikuwa nyuma, kichwa kikigonga paa, kondoo akimkanyaga mguu uleule kila kona.

Enerel alikuwa ameketi na mtoto kifuani, uso umerudiwa na rangi. Alimiminia wageni chai, akauliza, kama wanavyouliza wote: waliujuaje ule ugonjwa wa gari?

Gombosuren, Tsevelmaa, hata mume wa Enerel, wote wakamgeukia mstaafu wa posta. Alifungua mdomo. Maneno mazuri sana yalimjia, yakiwa yamepanga foleni. Akayameza, moja baada ya jingine.

"Fundi alionja siagi," akasema. "Akajua ni ya mama yake."

Ndiyo habari fupi kuliko zote alizopata kusimulia maishani. Enerel alimsogezea Gombosuren mtoto, ampakate.